Mguu wa Masatu Umesalimika

Nyasho, Musoma
9 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Skolastika,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mugeta na watoto, na kwamba baridi ya Songea imeanza kuwaachia. Presha yako inasemaje? Dawa unameza kila siku, au bado unangoja mpaka kichwa kiume? Mimi sijambo. Recho yuko kidato cha tatu na ameshanizidi kimo. Akigeuka kuondoka, mabega ni ya baba yake kabisa. Mvua hatujaiona bado, ila dagaa wapo, na cherehani ya marehemu inaendelea kutulisha.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Haya nikiyasema kwa simu nitalia katikati, na salio litakwisha kabla sijafika kwenye furaha. Maana hii ni barua ya furaha, wifi. Soma polepole, usiruke mistari.

Masatu wa dada yako Mbuke ameugua tangu mwaka jana. Mbuke alitukataza kukuambia kwa sababu ya hiyo presha. Sasa ameniruhusu, tena ameniachia mimi niandike, kwa kuwa yeye akishika kalamu anaandika sala tu.

Ilianza na sare za kwaya. Kigango cha Nyamuswa kilinipa kazi ya kuwashonea wanakwaya wote, nikaenda kuwapima. Masatu anaimba besi, kwa hiyo alikuwa nyuma kabisa kwenye foleni. Nilipozungusha tepu kwenye paja lake la kushoto nikadhani nimekosea. Nikapima la kulia, nikarudi la kushoto. Yalikuwa mapaja ya watu wawili.

"Mama, hiyo ni misuli," akaniambia. "Huu ndio mguu unaobeba pikipiki."

"Misuli gani ya upande mmoja?" mwenzake akadakia. "Mbona kichwani haikupandaga?"

Watu wakacheka. Mimi nikabonyeza kwa kidole. Ndani, chini ya nyama, kulikuwa na kitu kigumu kama limao kubwa. Nikamuuliza kama kinauma. Hakiumi, akasema, ni pale alipoanguka na pikipiki, kitanywea chenyewe.

Mguu wa namna hiyo, wifi, nilikuwa nimeuona kwenye suruali za kaka yako.

Unakumbuka tulivyogawa nguo za Boniphace baada ya matanga. Suruali ya kijivu ilikuja kwenu, na shemeji Mugeta akapiga simu kuuliza inakuwaje fundi mzima ajishonee mguu mmoja wa binadamu na mwingine wa tembo. Tulicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu msiba. Asubuhi yake nikaitoa ile ya kahawia niliyobaki nayo, nikaigeuza ndani nje. Kaka yako alikuwa na desturi ya kuacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa ipanuliwe. Kwenye mguu wa kushoto akiba yote ilikuwa imeliwa. Alikuwa ameupanua mara tatu, kila mara kwa uzi wake: kwanza wa kahawia, halafu mweusi, mwisho bluu. Mimi mkewe, tunakaa cherehani mbili meza moja, hakunidokeza hata neno. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikimsumbua alikitengeneza kimya kimya, anang'ata uzi kwa jino la pembeni, anaendelea na wimbo wake wa puani.

Sasa sikiliza shida ilipokuwa. Nilipomwambia Mbuke kijana aende hospitali, alikataa kabisa, na sababu yake ilitoka kwenye kaburi letu wenyewe. Boniphace alipasuliwa na mtu mmoja aliyedhani lile ni jipu, na baada ya hapo hakukaa siku nyingi. Tangu siku ile ukoo mzima tulishika neno moja, kwamba uvimbe ulikuwa umelala na kisu ndicho kilichouamsha. Mbuke alikuwa ameshampata mzee wa kumchua Masatu kwa samli ya moto.

Nikaiweka suruali ya kahawia kwenye mfuko, nikaenda tena Nyamuswa. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Wifi, usinilazimishe," alisema kabla sijakaa. "Kisu kilimmaliza kaka yangu. Unataka na huyu nimpeleke mwenyewe?"

Nikamlazia ile suruali mapajani, ndani nje.

"Ya nani hii?"

"Ya Boniphace. Tazama mguu huu. Uzi wa bluu ndio wa mwisho, ni ule wa sare za Recho za shule, tuliununua Januari, ukaisha mwezi uleule. Alipasuliwa lini?"

Akafikiri. "Wakati wa kuvuna mtama."

"Basi alipanua mara ya tatu miezi mingi kabla ya kisu. Na huu mweusi je? Na ule wa kahawia?"

Akapitisha kidole kwenye vitundu vya sindano, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuku walikuwa wanadonoa mtama kwenye ungo, wala hakuwafukuza.

"Kumbe ulikuwa unakua," akasema.

"Ulikuwa unakua, na hakuna aliyekuwa ameugusa."

Akaikunja ile suruali, akanirudishia. Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye pikipiki. "Masatu. Zima hiyo redio ukavae viatu."

Tulianza Musoma, tukapelekwa hospitali kubwa ya Bugando. Walipiga picha, wakatoa kinyama kidogo kwa sindano, kikaenda kuchunguzwa. Majibu yalipotoka, daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alitukalisha chini. Ugonjwa unaitwa sarkoma. Alisema saratani tunazozisikia sana ni za titi na kizazi, lakini hii huanza kwenye mifupa, au kwenye vile vinavyoushikilia mwili: misuli, mafuta, mishipa, kano. Si ugonjwa wa watu wengi, ndiyo maana hata wanaotibu huweza kuudhania jipu. Hauambukizi. Na kwa kawaida hautokani na kuanguka. Mtu akianguka hupapasa pale palipoumia, ndipo anakutana na kitu kilichokuwepo.

Mbuke akamuuliza habari ya kisu. Daktari hakumcheka. Alikubali kwamba kukata bila kujua unakata nini kuna hatari kweli, kunaweza kuutawanya. Ndiyo maana wao hupiga picha kwanza, wakaupima, halafu wakautoa mzima pamoja na nyama nzuri kidogo pembeni. Kuchua nako akakataza. Alituambia tuwaeleze na wengine kwamba uvimbe mwingi si saratani, lakini ulio ndani, au unaozidi kukua, au uliofika ukubwa wa yai, hata kama hauumi, uonwe na daktari mapema. Ndiyo maana nakuandikia yote haya, wifi. Waeleze na wenzako kwenye jumuiya.

Kilichotutisha ni mguu. Alisema wazi kwamba uvimbe ukiwa umeshika mshipa mkubwa, italazimu mguu ukatwe. Masatu alipigwa mionzi kwanza kwa wiki kadhaa, akakonda mpaka shati likawa kama limetundikwa. Siku ya upasuaji tulikaa nje mimi na Mbuke, rozari moja mikononi mwa wawili. Alipozinduka tulikuwa pembeni ya kitanda. Hakuthubutu kujitazama.

"Mama, niangalizie. Ninayo mingapi?"

"Miwili, mjinga wewe," Mbuke akamjibu, na hapo hapo akakaa sakafuni, akalia mpaka muuguzi akaja kumwinua.

Wametoa sehemu ya msuli, kwa hiyo anachechemea. Mwezi uliopita wamempiga picha tena, mguu na mapafu, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kukimbilia mapafuni. Hakuna kitu. Daktari hakusema amepona, alisema hakuna kinachoonekana, na atakuwa anarudi kila baada ya miezi mitatu. Kwangu hilo linatosha kumshukuru Mungu kwa sauti.

Nimemlilia kaka yako upya, sikufichi, ila si kilio kile cha zamani. Ule mguu alioushona kwa siri umemtoa mpwa wake mikononi mwa mauti. Hakujua anatuachia nini, na ametuachia. Siku hizi kila anayeleta kitambaa kwangu nampima mapaja yote mawili, hata kama anataka shati. Majirani wananicheka, wanasema fundi Dorotea atapima mpaka miguu ya meza. Wacha wacheke.

Jumapili iliyopita kwaya zilikutana Butiama. Nyamuswa waliingia kanisani wakicheza, wawili wawili, na sare zangu zilikaa vizuri, nisijisifu. Masatu walimpanga mwisho, peke yake, ili hatua yake fupi isiwavuruge wenzake. Alikuja nyuma yao kwa mwendo wake, anaimba besi. Mbuke alikuwa kwenye mabenchi ya akina mama pamoja nami. Sikumwona akiinuka. Nilipotazama tena alikuwa katikati ya njia, nyuma ya mwanawe, anachechemea kwa mguu uleule ili walingane. Kanisa zima likapiga vigelegele, na wa mwisho kwenye mstari akawa mama yake.

Msalimie sana shemeji Mugeta, na wanao wote kwa majina yao. Recho anakuamkia, shikamoo shangazi. Mbuke anasema usimkasirikie kwa kukuficha, na Masatu anasema ukija Desemba atakupokea Bunda kwa pikipiki yake. Mimi nimeshamwambia utapanda basi.

Mungu aliyetushika mkono mwaka huu mzima akushike na wewe huko uliko.

Ni mimi, wifi yako nikupendaye,
Dorotea