Siku Nilipolinyamazia Jina Lako

Rafiki yangu,

Wacha nianze na handiboli, hiyo ni rahisi kusema. Tumepigwa na kila shule. Tangu ile nimonia ikuchukue likizo ya Desemba, goli letu ni kama mlango wa kanisa, anayetaka anaingia. Wamemweka Mwende kwa sababu ni mnene, ati atajaza nafasi. Mpira ukija anafunga macho. Ungecheka mpaka ukae chini, halafu ungeinuka ukamfundishe.

Mimi bado naogopa watu. Kitanda chako kilipewa msichana mwingine, mpole, anakoroma. Mara nyingi nageuka kukuambia kitu, naona ni yeye.

Sasa nikueleze yale mengine.

Mama yako alikuja shule mwezi wa pili kuchukua sanduku lako. Alitaka pia kuona mahali mdogo wako Nasieku angelala, maana alikuwa amepata nafasi ya Fomu Wani hapa kwetu. Siku hiyo tulikuwa uwanjani tunacheza na wasichana wa kutoka Ngong. Alipotokea kwa geti mtu akasema, "Si huyo ndiye mamake?" Basi shule nzima ikaanza kuita jina lako. Makofi, miguu, wengine wanapiga mabati ya jikoni, jina lako, jina lako, vile tulikuwa tunaliita ukiokoa penalti. Wengine walikuwa wanalia. Tulifikiri tunampa zawadi. Hata mimi niliita, na sauti yangu unaijua.

Mama yako alisimama. Akajifunika kichwa na shuka aliyojitanda, akageuka, akaenda. Sanduku akaliacha. Mwalimu mkuu alisema ni uchungu tu. Kwa bweni wakasema ana madharau. Wiki iliyofuata Fomu Wani wote waliripoti na matandiko yao, na Nasieku hakuletwa.

Tulipofunga katikati ya muhula, babangu alilifunga hilo sanduku nyuma ya baiskeli tukalipeleka kwenu. Mama yako alikuwa ameenda Kitengela na maziwa. Nilimkuta Nasieku anaosha vibuyu. Nikaanza, "Pole sana, kwa ajili ya..." na kabla nimalize akaniziba mdomo na mkono wake, umelowa, unanuka moshi na maziwa.

"Usilitaje! Kwetu Wamaasai kijana akifa, jina lake linazikwa naye. Hata binamu yetu mdogo alikuwa anaitwa hivyo, sasa tumembadilisha. Mama akilisikia ni kama mnamchimbua."

"Na shule?"

"Mama amesema hanipeleki mahali watu wanampigia mtu wetu kelele kama mnada wa ng'ombe."

Miaka yote hiyo tumelala kitanda cha juu na cha chini na sikujua. Hukuwahi kuniambia. Lakini ungeniambia kwa nini? Hukuwa umekufa. Ndiyo maana hata mwanzo wa barua hii nimeandika tu rafiki yangu.

Sasa sikia. Unakumbuka kazi yangu ya drama, kukaa nyuma ya pazia na karatasi za mchezo, nikimnong'oneza aliyesahau. Ulikuwa unaniambia, "Mutheu, unanong'ona kama panya kwa unga! Ongea kama mtu amekula!" Basi kwa sababu maneno yako yote niliyajua, Madam wa drama alinipa nafasi yako. Mimi! Si hiyo tu. Kabla mchezo uanze nisimame mbele ya ukumbi wote pale Kajiado, kwenye mashindano ya drama, nitangaze kwamba tunaigiza kwa kumbukumbu yako, jina lako lote. Na mama yako alikuwa amealikwa akae mbele.

Nilimfuata Madam kwa ofisi nikamweleza yale Nasieku alisema. Niliongea nikiangalia viatu vyake. Akaniambia, "Mutheu, hiyo ni woga wako unatafuta pa kujificha. Sisi kanisani tunawataja marehemu wetu, na ni heshima. Utasema, na utasema kwa sauti."

Na unajua, hakuwa amekosea kabisa. Nilikuwa naogopa kweli. Ningefurahi mtu akiniambia nisiseme chochote. Sikuweza tena kutenganisha woga wangu na uchungu wa mama yako, na hiyo ndiyo ilinikosesha chakula.

Siku ikafika. Mama yako alikuja. Sijui ni nani alimshawishi, nafikiri ni Nasieku, walikaa pamoja. Pazia likafunguka nikamwona, mkono umeshika upindo wa shuka, tayari kujifunika aende.

"Waheshimiwa waamuzi," nikasema, "mchezo huu tunauigiza kwa kumbukumbu ya..."

Nikanyamaza. Nilijua nikilitaja atainuka, Nasieku atainuka naye, na shule yake imeishia hapo.

Nyuma ya pazia Mwende, ambaye sasa ndiye ananong'oneza, akafikiri nimesahau. Akalisema jina lako polepole. Nikanyamaza. Akalisema tena, na nguvu kidogo. Ai, huyo Mwende hana sauti ya panya! Waamuzi wakaanza kugeuza vichwa. Nikasikia anavuta pumzi, ati sasa alitoe kabisa, ukumbi mzima usikie. Nikapiga mguu chini mbao zikalia, nikapaza sauti, rafiki yangu, sijui ilitoka wapi.

"Ya msichana aliyelinda goli letu! Mama yake yuko hapa. Mama, tunakusalimia!"

Mama yako hakuinuka. Aliinamisha kichwa, mkono ukaachilia ile shuka.

Mchezo wenyewe niliuharibu. Nilisahau maneno ambayo ningeyasema nikiwa usingizini, Mwende akawa ananirushia kama mahindi kwa kuku. Ngazi ya mkoa hatukuiona. Madam hakuniongelesha.

Tulikuwa tunabadilisha nguo mama yako akaingia. Niliinamisha kichwa vile ulinifundisha watoto wa kwenu husalimia wakubwa, akaniwekea kiganja utosini. Hakukiondoa haraka. Akamwambia Madam, "Huyu mtoto alinisikia na sikuwa nimesema kitu. Muhula ujao nitamleta Nasieku."

Madam alikuwa ameshika kofia ya mfalme ya karatasi. Akaiweka chini. "Pole, mama. Hatukuelewa."

"Sasa mmeelewa," mama yako akasema, akaomba chai.

Nasieku yuko hapa tangu mwezi wa tano. Mpira hataki hata kuuona, yeye ni kukimbia tu. Anakula haraka kama wewe na anadharau githeri kama wewe. Wasichana wa bweni niliwaambia mwenyewe wasilitaje jina lako, nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Wengine walicheka lakini wanafuata.

Kitu kimoja tu kimebaki, na hiki sijamwambia mtu. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mimi ni Mutheu kwa sababu nyanya yangu alikuwa Mutheu, na babangu akiniita najua anamwita pia mamake. Hivyo ndivyo sisi hatuwaachi watu wetu. Tangu nilipoambiwa umefariki nilikuwa nimeamua kwamba nikijaliwa msichana, atakuwa wewe. Nilikuwa nalitamka nikioga, nikilijaribu, kama ninamwita aje ale.

Nimeacha. Nakuahidi, mtoto wangu nitampa jina lingine, na akiniuliza nilikuwa na rafiki gani shuleni nitamweleza kila kitu, urefu wako, kicheko, mikono yako mikubwa, yote isipokuwa hilo. Mimi sijui kupenda mtu hivyo. Nitajifunza.

Lala, rafiki yangu. Nasieku ananiita twende mbio.

Mutheu