Nipe Nikuonyeshe

Nyumbani kwa Mama,
Mlango wa tatu, nyuma ya shule.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Kile kifua kimepoa, au bado unajifanya mgumu hutaki kwenda hospitali? Wifi na wanenu pacha hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la mama linalolalamika kila asubuhi, na mimi, ambaye nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaisha. Nimechoka mpaka kope.

Barua yako niliipata zamani, naomba radhi. Na usishangae nimekuandikia kwa mkono wakati simu ipo. Kaka, siku hizi nikiona kioo kinawaka tu, kichwa kinaanza kugonga. Karatasi haina neno la siri wala haiishiwi chaji. Niache nipumzike nayo.

Umeniuliza kwa nini mama hajawahi kukupigia tangu ulipomtumia ile simu, na kama kuna jambo amekukasirikia. Hajakukasirikia hata chembe. Jibu ninalo, ila nimelipatia shuleni, tena kwa aibu, kwa hiyo vumilia nikueleze ya shule kwanza.

Mwaka huu tuliletewa vishikwambi arobaini vya kufundishia. Mkuu wetu akavifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo akautia mfukoni, visije vikavunjika. Muhula mzima vilikaa humo. Kila Ijumaa tunavitoa, tunavichaji, tunavifuta vumbi, tunavirudisha. Tulivitunza mno, maana hakuna mtoto aliyevigusa.

Ndipo ikaja barua kutoka juu. Mwanzoni mwa Septemba mkaguzi atapita darasa kwa darasa, na mwalimu atakayeshindwa kufundisha kwa vishikwambi bila kusaidiwa atatolewa darasani, apelekwe stoo ya vitabu. Mkuu akauliza nani atawafundisha wenzake. Unanijua. Mdomo ulikubali kabla mimi mwenyewe sijafikiri. Hukukosea uliponibandika jina la Kiherehere.

Basi tangu siku hiyo sikukaa. Niko na watoto wangu wa darasa la tatu, mlango unagongwa: "Mwalimu, njoo, kimegoma!" Nakimbia. Nabonyeza, kinakubali, narudi. Sijashika chaki vizuri, mwalimu wa jiografia huyo mlangoni, chake kimegeuza picha juu chini. Natoka tena. Siku nyingine naitwa mara nane, na watoto wangu wameshageuza darasa kuwa soko. Jioni nafika nyumbani sauti imekauka, mama ananiuliza nimegombana na nani.

Aliyeninyima raha hasa ni Mwalimu Chaki. Ndiyo, yule yule aliyetufundisha kusoma mimi na wewe! Bado yupo, na mifuko ya koti bado imejaa vumbi jeupe. Amebakiza miaka miwili astaafu. Na ile stoo unaijua, haina hata dirisha. Mtu amesimama mbele ya watoto miaka thelathini na minane, leo umfungie humo akahesabu vitabu vilivyochanika? Nilikuwa nikiwaza hivyo usingizi unaruka.

Kwa hiyo kila siku baada ya masomo nilikaa naye. Kufungua somo, kulituma kwenye vishikwambi vya watoto, kukiamsha kikizima. Wiki tatu, Kaka, mambo matatu tu, na kila siku tunaanza upya kama vile jana haikuwepo. Siku moja uchovu ukanishinda nikamfokea mbele ya walimu wenzake: "Mwalimu, si tumefanya hili jana?"  Yeye akakunja miwani yake, akaitia mfukoni, akatoka. Nililia chooni, sikufichi.

Kesho yake akanijia mezani na kalamu ya risasi. Akaniambia, "Shika. Andika herufi a." Nikaona aibu, lakini mwalimu wako ni mwalimu wako, nikashika. Hata sijagusa karatasi, akaninyang'anya. "Nipe nikuonyeshe," akaiandika yeye, haraka haraka. Akanirudishia. "Haya, andika." Naanza, akaninyang'anya tena. Mara ya tatu nikacheka, ila yeye hakucheka.

Akasema, "Mwanangu, ningekufundisha hivi, leo ungejua kuandika?"

Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli tupu! Wiki zote tatu kidole chake hakikuwahi kufika kwenye kioo, maana changu kilikuwa kimeshatangulia. Na si yeye peke yake. Nikawapitia wenzangu wote kichwani, mmoja mmoja, nikakuta hakuna hata mmoja niliyewahi kumwacha abonyeze mwenyewe. Wao walijifunza kitu kimoja tu kwangu, nacho ni kuniita.

Siku zilizobaki nikafunga mikono nyuma. Usione rahisi. Mtu anatafuta kitufe kilicho mbele ya macho yake, anakipita, anarudi, anakipita tena, na wewe vidole vinawasha. Mwalimu wa jiografia alidhani nimemnunia. Mwalimu Chaki alikosea weee, akifuta somo lote, akianza upya, akisonya, akinitazama. Nami namwambia tu, "Endelea, mwalimu."

Mkaguzi akaja Jumatano. Mimi na Mkuu tukasimama nyuma ya darasa lake. Somo la hesabu za sehemu likaanza vizuri, halafu katikati, kioo chake kikawa cheusi. Tii! Watoto sitini na wawili wakamkodolea macho. Mkaguzi akaanza kuandika. Mkuu akanipiga kiwiko niende. Nilishika vidole vyangu mgongoni mpaka vikaniuma, machozi yananilenga, nikiona ile stoo. Sikwenda.

Mwalimu Chaki akakigeuza. Akavaa miwani, akapapasa ukingo taratibu, akabonyeza, akangoja. Kikawaka. Akawageukia watoto: "Tulikuwa kwenye robo." Kaka, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea! Mkaguzi aliandika kuwa mwalimu alipoteza dakika nne, na kwamba abaki darasani. Mimi nilikwenda kukaa kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama na simu yako. Ukipiga, napokea mimi ndipo nampa. Akitaka kukupigia, anaitoa kwenye kitambaa anachoifungia, anaitazama, na kabla hajaigusa nimeshasema, "Lete, mama, nikupigie." Kisha nasema niko mbioni, nitapiga kesho, na kesho inapita. Mwaka mzima, Kaka. Wewe ukadhani umekosa radhi yake, na yeye anadhani simu ile ni yangu. Nisameheni nyote wawili.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa alichonitumia kimenikaa vizuri. Pacha wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mwalimu Chaki anakusalimu, anauliza kama mwandiko wako umenyooka. Mama anasema Mungu akulinde utokapo na uingiapo, nami naitikia amina.

Tumeanza kujifunza, mimi na mama, na juzi alifika mpaka kwenye picha yako, ile ya kubonyeza ili ikupigie. Barua hii ikishafika, Jumapili inayofuata saa kumi jioni usiwe mbali na simu. Ikiita, ukapokea, ukasikia kimya kirefu, na pumzi, na kitu kinakwaruza, tafadhali usikate. Ni mama, anatafuta pa kusemea. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake, mikono yote miwili nimeikalia.

Nduguyo wa tumbo moja, akupendaye hata akichoka,

Kiherehere