Kwako Uliyeshika Pazia la Picha

Mpenzi Mama Neema,

Mpaka leo nikiamka nashtuka upya. Mtu amekunywa chai, amenigombeza kwa kumaliza sukari, ametoka uani kuloweka shuka. Anakufaje kabla shuka halijalowa? Hukuugua hata mafua. Nilisikia beseni likigonga sakafu nikadhani bado umekasirika. Hospitali walisema ni presha. Presha gani, Mama Neema, na wewe ndiye uliyekuwa unanituliza mimi?

Lile shuka lilikuwa la pazia jipya la kusimamishia wateja kwenye studio yetu hapa Majengo. Ulilichagua mwenyewe mitumbani, ukalivuta mbele ya muuzaji kama unataka kulipasua, ukamwambia, "Kaka, hili limeshachoka, punguza bei." Mimi siku zote nilitaka mapazia ya dukani, yale wanayotumia wapiga picha wa Dar, nawe ulikuwa unanicheka mpaka unakaa chini. La kwanza kabisa ulilitengeneza kwa mashuka mawili, ukayaunganisha kwa cherehani, ukayachemsha na maganda ya kahawa kutoka kwa mama yako kule Masama mpaka yakawa ya kahawia. Kisha ukachukua kipande cha sponji la godoro, ukachovya kwenye rangi ya ukuta iliyobaki, ukagongagonga katikati pawe na mwanga. Mteja akisimama pale alitoka kama mtu wa kwenye kalenda! Watu waliniuliza nimeagiza wapi. Nilijibu kwa maringo, "Nina fundi wangu." Fundi mwenyewe uko nyuma ya kitambaa, unanitolea ulimi.

Huko nyuma ndiko ulikokuwa siku zote. Tulipokwenda kupiga picha za harusi na kipaimara huko milimani, hatukupata ukuta wala msumari, basi ulishika mwanzi wa pazia juu kwa mikono miwili na kukanyaga pindo la chini kwa miguu. Nilikuambia mara nyingi, "Njoo nikupige na wewe." Ukanijibu, "Nani atashika? Upepo?" Tukacheka, tukafungasha vitu vyetu, tukarudi mjini.

Siku ya pili ya msiba kaka yako alinivuta pembeni. "Shemeji, tupe picha ya marehemu tuiweke kwenye fremu. Ile ya kutangulia jeneza."

Nikasema sawa, nikaingia studio, nikawasha kompyuta. Maharusi wa Kibosho, watoto wa ubatizo, wanafunzi, wazee na makoti yao. Wewe hakuna. Nikarudia kutoka mwanzo. Hakuna. Mpiga picha mzima, mke wake hana picha! Iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho tu, ambayo ulisema unafanana na mwizi wa kuku, ukaapa nikimwonyesha mtu utarudi kwenu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Niliona tunakwenda kukuzika bila uso.

Neema wetu alinikuta hapo. Alianza kufungua hata zile picha zilizoharibika, ambazo sizifuti kwa uvivu tu. Ghafla akapiga kelele, "Baba! Mama huyu hapa!"

Ilikuwa kipaimara kule Masama, siku upepo uliposhuka kutoka mlimani ukatupokonya pazia. Kijana wa watu ameinama anashika tai yake, pazia liko chini kwenye majani, na nyuma ya kijana umesimama wewe, mwanzi bado uko juu, unacheka mpaka magego yanaonekana. Miaka yote nilijua upo pale, lakini sura uliyokuwa nayo ukinishikia pazia sikuwa nimeiona hata mara moja.

Mdogo wangu aliikataa. "Picha gani ya kucheka hivi msibani? Na mikono juu kama anashangilia mpira!"

Neema akamwambia taratibu, "Baba mdogo, samahani. Hii ndiyo tuliyo nayo, na mama ndivyo alivyokuwa."

Mdogo wangu aliichukua, akaomba aibebe yeye. Ikatangulia katikati ya migomba mpaka kaburini, pale kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, na waliokufahamu walipoona unavyocheka walilia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa nakutazama tu.

Sasa nimefungua studio tena. Pazia la kahawa nimelipigilia misumari ukutani na halitikisiki. Juzi alikuja binti mmoja kupiga picha ya kuombea kazi. Nikamkalisha, nikamwambia ainue kidevu, nikaweka jicho kwenye kamera, nikasema, "Mama Neema, vuta juu kidogo, upande wa kushoto."

Binti akageuka kuangalia nyuma. Nikaweka kamera chini, nikaenda kuinua pembe ya kitambaa, nikachungulia.

Ni ukuta, mke wangu. Ni ukuta mtupu.

Pumzisha mikono sasa.

Mumeo,
Baba Neema