Kaza Kwanza, Salamu Baadaye

Shemeji Otmari,

Sikuulizi habari za huko. Hata ungenijibu, nani angeileta hiyo barua? Wewe sikiliza tu, kama ulivyokuwa ukinisikiliza ukiwa chini ya lori, miguu nje, unaguna "mmh", mimi naamini unanisikia kumbe unasikiliza nati.

Kikongwe chetu, lile lori, kipo. Tangu uondoke nakiendesha mimi, na usicheke. Najua ulivyokuwa ukiwaambia watu: "Huyu shemeji yangu wa ziwani usimpe usukani, mpe kasia." Haya, usukani ninao sasa, na ningetoa chochote nikurudishie.

Mbinga imebadilika. Tangu waseme biashara ni ruksa, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapita na magari yao hadi Litumbandyosi, na lile ghala la ushirika tulikonunulia lori walipouza magari yao mabovu limefungwa milango. Bolti ulizokuwa ukizifuata mpaka Songea, ukizipata kwa kubembeleza, leo zimejaa madukani, zimetundikwa pamoja na kandambili. Ungekuwepo ungezipima mkononi, ungezigongagonga, ungemtesa mwenye duka mpaka akufukuze. Mimi nikizipita naumia.

Lakini sikukaa kukuandikia habari za maduka. Nataka kukuambia habari za mama. Mama yangu mimi, mama mkwe wako.

Unalikumbuka lile jambo lenu. Kila tukiteremka Lundo kuchukua usipa, dagaa wetu wa ziwani, lori linasimama uwanjani kwa mama, sisi wengine tunashuka kusalimia, wewe unachukua spana unaingia chini. Mama kasimama mlangoni na khanga yake ya wageni. Mkwe aliyemwozesha binti yake kanisani anamwonyesha soli za viatu! Ukishatoka, umenawa kwa sabuni na majivu, unachuchumaa mbali kwa adabu zako zote za Kimatengo: "Shikamoo, mama." Mama anageukia ungo wake. Haitikii. Safari zote zile hakuitikia. Alikuwa akimwambia dada yangu Edina, "Mume wako anaona sisi wa ziwani si watu. Anasalimia chuma kwanza."

Na wewe ulinyamaza. Mkwe habishani na mama mkwe, ulisema, ukarudi kwenye lori lako. Mimi uliniambia sababu, tena si mara moja: zile mbao za mkaratusi tulizoweka kati ya bodi na chesisi, kule juu kwenye baridi na ukungu zinavimba, bolti zinabana. Zikifika huku kwenye joto zinanywea, nati zinalegea, na bolti iliyolegea ndiyo inayokatika. Zikazwe kabla ya mzigo, maana magunia yakishapanda na akina mama wakishakaa juu yake, nani atawaambia washuke? Na kwa mama mkwe ukishaketi hunyanyuki mpaka umekula, na ukishakula jua limekwenda. Nilicheka. Nilidhani ni utani wako tu, kwamba huku kwetu hata mbao zinakonda kwa joto. Ningemwambia mama siku moja tu, shemeji. Maneno machache tu.

Ile homa ikakuchukua kabla msimu wa kahawa haujaisha. Mama alipanda Namswea kwenu kukuzika. Alitupa udongo wake, akarudi nyuma ya watu.

Sasa sikiliza. Arobaini yako ilipokaribia niliteremka kumchukua. Nikafanya adabu, we acha tu! Nikashuka, nikaamkia, nikaketi, nikaletewa ugali na samaki mbasa wa kuchoma, nikala mpaka nikalegeza mkanda. Mama anafurahi, anawaambia majirani mwanawe ana heshima. Nilipotoka, magunia ya usipa yalikuwa yameshapanda na watu wako juu yake. Chini ya lori sikuchungulia.

Mlima wa kwanza tu, pale kwenye kona ya mawe ulipokuwa ukiingiza gia ndogo. Nikasikia ta! Halafu tena, ta! Nyuma yangu watu wakapiga yowe. Bodi imekaa upande, shemeji. Chesisi inakwenda Mbinga, bodi inataka kurudi ziwani. Watu wakaruka, gunia likapasuka, usipa ukamwagika barabarani. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Lakini alikuwepo dada mmoja na mtoto mgongoni, na yule mtoto namkumbuka mpaka leo kila nikifika kona ile.

Nikaingia chini. Bolti mbili za nyuma zimekatika, na zilizobaki, nati nilizizungusha kwa vidole. Kwa vidole! Nikalala palepale kwenye mawe nikalia. Nilitamani utokee unitukane.

Mama akainama kunichungulia. Akauliza, "Otmari alikuwa anafanya nini huko chini?" Nikamwambia alikuwa anakaza hizi, kabla hatujapakia, ili watu wafike salama. Akauliza, "Kila mara?" Nikamwambia kila mara, mama. Akakaa pembeni ya barabara, akajifunika khanga usoni.

Lile kopo lako la maziwa liko chini ya kiti, bolti za akiba zimo kwenye grisi kama ulivyoziacha. Nilitoa zilizokatika, nikatoa na za jirani yake, kwa kuwa ulisema hizo nazo zimechoka kwa kubeba mzigo wa wenzao. Wanaume wakainyanyua bodi kwa miti mpaka matundu yakalingana. Na mama, usishangae, akaja akachuchumaa karibu na tairi akanishikia nati kiganjani, ananipa moja moja. Grisi ikamchafua mpaka kwenye khanga ya msiba. Hakujali.

Tulifika Namswea siku ya arobaini yenyewe, misa imekwisha, padri ameshaondoka, watu wanakula. Mama hakuingia ndani. Edina alimkimbilia, mama akampita. Alikwenda moja kwa moja kaburini kwako, pale pembeni ya mibuni, akachuchumaa mbali kidogo, vilevile ulivyokuwa ukichuchumaa wewe. Akasema, "Marahaba." Halafu tena, "Marahaba, baba." Akaendelea hivyo hivyo, polepole, na ndipo nikaelewa kwamba anaitikia zile shikamoo zako zote. Ah, shemeji! Sikuweza kusimama pale. Nilirudi kwenye lori nikakaa nimeshika usukani, injini imezimwa, nalia kama mtoto.

Inaniuma kwamba hukuisikia. Ulichotaka kilikuwa kidogo sana, na kilikuwepo mdomoni mwake siku zote zile, na wewe ulikuwa hai, uko pale uwanjani, mikono inanuka majivu.

Basi pumzika, mlamu wangu. Edina na watoto hawatatembea kwa miguu mimi nikiwepo. Mbao za mkaratusi nitazitoa, nitafute mninga mkavu, kama ulivyokuwa ukipanga. Na hata nikiupata, nakuahidi sitakaribishwa nyumba yoyote, ya mkwe wala ya askofu, kabla sijaingia chini na spana.

Juzi niliteremka tena Lundo. Kabla sijazima injini, mama alishatoka nje na mkeka wake mpya, ule wa wageni. Aliutandika mwenyewe chini ya lori, pale ulipokuwa ukilala wewe kwenye mchanga. Nikafungua mdomo kumwamkia, akanikatisha kwa mkono. "Anza huko," akasema. "Salamu nitakungoja nazo."

Shemeji yako wa kasia,
Alban