Nyumba Iliyopumua

S.L.P. 40,
Pelkie, Michigan.
14 Aprili, 1988

Mpendwa mpwa wangu Veikko,

Hujambo wewe, na Darlene na wale watundu wawili? Baridi ya Alaska imewabakizia pua, au mnaazimana? Mimi mzima, ila goti linalia kama mlango wa banda, na meno yamebaki ya kuchekea tu.

Sasa kaa chini. Huko msituni kwenu simu haijafika, ndiyo maana naandika mbio. Ni habari ya paa la Kaisa, binti yangu, na lako lilijengwa na mikono ileile.

Unajua mjomba wako Onni alivyomjengea: nguzo nene za msonobari, zimechomekana bila msumari, juu zimevikwa mabamba yenye povu gumu la kuzuia baridi katikati. Mabamba yanapokutana kwenye mgongo wa paa hubaki ufa, nao huzibwa kwa povu la kopo, lile linalopulizwa likaganda. Onni hakuziba. Alisema nyumba ni kama mtu, ukiiziba pua inakufa. Iachwe ipumue.

Jumatatu Kaisa akapiga simu, maji yanadondoka sebuleni na nje hakuna mvua. Tukapanda mimi na Onni, tukang'oa bati.

Veikko, nimezika wazazi, nimeona banda likiungua na ng'ombe ndani, lakini sijawahi kupigwa na bumbuwazi namna ile. Mbao chini ya bati zilikuwa nyeusi, laini kama mkate uliosahauliwa kwenye maziwa. Nikabonyeza kidole, kikazama. Mkono ukafuata. Chini yake ndipo kilipo kitanda cha mjukuu wangu.

Nyumba ilipumua kweli. Mvuke wa jikoni, na wa kile chumba cha kuogea mvuke, sauna, walichokiweka ndani kama watu wasio na uani, ulipanda hadi kwenye ufa, ukaganda, ukayeyuka, ukaozesha.

Onni alikaa juu ya ngazi, rangi imemtoka.

"Haya, daktari wa mapafu," nikamwambia, "mgonjwa wako huyu."

"Nyamaza, kaka."

"Sijaanza bado."

"Ya Veikko niliiacha hivihivi. Na kule baridi ni kali zaidi."

Hapo nikaacha mzaha, nikachukua nyundo.

Nguzo za Kaisa tumezigonga zote, ni nzima. Paa ndilo linalovuliwa. Lakini lako hatujaliona. Watoe watoto chumba cha juu leo, na sauna msiiwashe. Kisha toka nje utazame: theluji ikiwa imeyeyuka mstari mmoja kwenye mgongo wa paa na kwingine bado nyeupe, basi ndiko inakopumulia.

Mama Kaisa anawasalimu, anasema Darlene aandike kwa kuwa wewe huandiki. Kaisa naye anakusalimu, japo kwa sasa halali nyumbani kwake.

Onni hakutuma salamu. Ameondoka leo alfajiri na lori kuja huko kwenu, makopo ya povu yamejaa hadi kitini. Barua inapanda ndege, itamtangulia. Akifika mpe kahawa, kisha mshikie ngazi. Matusi usihangaike nayo, nimeshamfungashia ya kutosha njia nzima.

Mungu awalaze pakavu nyote.

Mjomba wako akupendaye, meno au bila meno,
Urho