Gari ya Theonest Haivuti

Jumapili, 3 Agosti 2025

Baba kasema leo mezani, mbele ya wageni wa jumuiya. Jumamosi ni misa ya kumbukumbu ya kaka yangu Theonest, na anataka kwenda makaburini kwa gari ya marehemu — Mark II ile ile aliyofia. Bodi ilishanyooshwa na rangi imepigwa. Injini ndiyo bado. "Wewe ndiye uliyeiharibu, wewe utaitengeneza," akaniambia. "Ikifika Jumamosi haivuti, utafute pa kulala." Wageni wakainamia sahani zao. Mama akaniongezea nyama.

Tangu ajali naitwa muuaji nyumbani kwetu hapa Tabata. Sababu? Nilibadilisha plagi. Basi! Mie ni fundi jenereta, Theonest aliniomba, nikambadilishia. Kesho yake njia ya Wazo alikuwa analipita lori, akakanyaga mafuta, gari ikagoma kuvuta. Lori lingine likaja mbele. Isack, rafiki yake, alikuwa siti ya pembeni. Alipona, mguu mmoja ukabaki mfupi. Alipohadithia kwamba gari ilikosa nguvu, Baba akauliza nani aliigusa mwisho. Hajauliza kingine mpaka leo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza na plagi. Zangu zile zile! Nimezitoa moja moja. Nzima zote. Koili nzima. Pampu ya mafuta nzima. Nimeizungusha mtaani: inaondoka vizuri, ikishachangamka kidogo inakaba, kama mtu aliyezibwa pua, halafu ukiilazimisha juu kabisa inaamka.

Baba alikuwa kibarazani na jirani. Theonest angeshajua tatizo ni nini, akasema. Halafu kwa sauti, nisikie: "Mungu alikuwa na wawili wa kuchagua. Akakosea."

Jirani akacheka kidogo, kwa adabu.

Jumatano, 6 Agosti

Kaja Isack, anachechemea. Akakaa juu ya tairi akanitazama navyohangaika.

"Braza, plagi mbovu gari inatetemeka. Ile haikutetemeka. Ilikosa pumzi."

Mbona hukumwambia Baba?

"Nilimwambia. Alinifukuza msibani."

Anasema niangalie njia ya hewa. Injini hii Theonest aliibandika mwenyewe, ya kwanza aliing'oa, na hii ina kipepeo cha bati ndani ya menifodi, bomba linalogawa hewa kwenye injini. Kinajifunga na kujifungua kufuata mwendo wa injini, ili hewa iingie sawasawa. Kinachokisukuma ni valvu ya vakyumu, kadude kama kifuniko cha chupa chenye fimbo inayocheza hewa ikinyonywa. Kisipofanya kazi unapoteza nguvu ya katikati. Hiyo hiyo mtu anayoihitaji kulipita lori!

Nikachomeka kipande cha bomba la mpira kwenye valvu, nikanyonya kwa mdomo. Fimbo ikacheza. Nzima. Swichi yake, inayofungulia hiyo vakyumu, nikaipa umeme wa betri — tak! Nzima. Kila kitu kizima na gari imekufa! Nikarusha spana, ikagonga ndoo ya Mama. Akaja akaiokota mwenyewe. "Acha, mwanangu. Sema imekushinda. Nitakutafutia chumba Mabibo, nitakuwa nakuletea chakula."

Nimelia mbele ya Isack. Humu ndani ni Mama tu anayeniona mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeipata!

Ni mpira. Mpira wa vakyumu wenyewe, unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye valvu. Jana nilipima huku na huku, mpira wa katikati nikauruka. Leo nimeung'oa nikapuliza. Hewa haipiti. Nikaupasua kwa wembe. Gololi! Kigololi cha bearing, kimesukumwa mpaka ndani, kwa nje huoni chochote.

Gololi haiingii humo yenyewe. Mtu kaiweka.

Nimefunga mpira mpya, nikaenda nayo mpaka barabara kubwa. Nikakanyaga. Ikanibamiza kwenye siti! Nimepiga kelele mwenyewe garini kama mwehu. Sio plagi. Sio mie. Sio mie!

Baba kalala na presha yake leo. Sijamwambia. Kwanza nimjue aliyeiweka.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Zaidi ya Theonest, fundi pekee aliyeijua injini hii ni mzee Abdulrahman wa Mabibo. Sikukuu, lakini nimemkuta gereji. Shikamoo, marahaba. Nikamwekea gololi kiganjani. Akaitazama, akakaa chini.

"Mama yako hajasema?"

Ilikuwa siku ile ile niliyobadilisha plagi. Theonest kaenda kumfuata mchumba wake, gari kaiacha nyumbani. Mama akamwita Abdulrahman. Akamsihi, karibu apige magoti: mwanangu anakimbiza mno, mpunguzie nguvu, asijue. Fundi akaona ni jambo dogo, akaisukuma gololi ndani ya mpira. Akajiambia, kijana atashtuka, ataleta gari gereji, nitaitoa, tutacheka. Baada ya mazishi alimfuata Mama. Mama akamwambia anyamaze, yeye mwenyewe atamweleza Baba.

Nimerudi nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua maharage ya kesho. Nikaidondosha gololi kwenye ungo. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilitaka aende polepole," akasema.

Na mie, Mama? Unasikia naitwa muuaji kila siku ya Mungu, unanyamaza, unaniongezea nyama?

"Baba yako angenifukuza. Uzee huu ningekwenda wapi? Kwetu Bukoba nimebaki na nani?" Akaitoa gololi katikati ya maharage, akaiweka pembeni pamoja na vijiwe. "Wewe kijana, Gozbert. Wewe unaweza kubeba."

Akaendelea kuchambua.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba kavaa suti mapema, kakaa mbele. Nimemzungusha kidogo kabla ya misa. Nilipokanyaga, gari ikavuta, na yeye akashika dashibodi kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya kuzika. Tuliporudi getini hakushuka. Akaniuliza, chini kwa chini: "Ilikuwa nini?"

Hajawahi kuniuliza! Nikafungua mdomo.

Mama alikuwa keshatoka na gauni lake jeusi. Akaingiza mkono dirishani, akanishika bega. "Mwambie baba yako ulikosea wapi," akasema taratibu, sauti ile anayosalia rozari. "Leo siku ya marehemu. Atakusamehe."

Baba akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Atanisamehe! Macho yake yalikuwa laini kabisa. Mie nilishayangoja macho hayo mpaka nikakata tamaa.

Nimesema nimesahau kitambaa. Niko chumbani, naandika nimesimama. Nikisema ukweli anamfukuza Mama leo hii hii, na nguo zake za misa. Nikikubali, nimepata baba.

Nawaona dirishani. Mama keshakaa siti ya nyuma. Baba anashuka. Anakuja huku, kaacha mlango wazi, ananiita. Mama naye kafungua mlango, anamfuata — anakimbia —