Mama Yako Alitoka kwenye Tre

Koku mjukuu wangu,

Huku Nshamba tu wazima, kahawa imeiva, na mama yako kaenda Kemondo kutafuta samaki. Eti huko Italia wanakucheka ukitaja namba? Waitu, mimi wa darasa la pili nilizitaja kabla yako!

Siku ya kumzaa mama yako nilikaza meno kimya, maana kwetu mzazi hapigi kelele. Sista Mtaliano akasema, "Mama, sukuma, hesabu nami kwa sauti!" Nilijua nitakosea, nikapaza hivyo hivyo: "Uno! Due! Tre!" Mtoto huyo! Sista akacheka huku analia.

Kwa hiyo nne yao siijui mpaka leo. Ukipiga simu Jumapili, nitajie wewe, kwa sauti.

Bibi yako, bingwa wa tatu za kwanza.